Maandishi Yasiyongoja Picha: Uhakiki wa Upatanisho wa Manukuu na Filamu, kutoka Vugiri hadi Mabanda ya Video ya Korogwe na Handeni

Uhakiki wa tafsiri za filamu kwa Kiswahili umejishughulisha zaidi na msamiati: neno lipi limechaguliwa, methali ipi imepotea, tusi lipi limepunguzwa makali. Suala la wakati, yaani sekunde ambayo maandishi yanatokea chini ya picha na sekunde ambayo yanatoweka, limeachwa mikononi mwa mafundi kana kwamba halihusiani na maana. Uhakiki huu unadai kwamba mgawanyo huo wa kazi ni kosa, na kwamba kosa hilo linaigharimu tafsiri ya Kiswahili kuliko linavyoigharimu tafsiri ya Kiingereza. Neno manukuu linatumika hapa kwa maana ya maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha, na toleo ni kila umbo ambalo filamu moja humfikia mtazamaji: la jumba la sinema, la diski, la televisheni, lililokatwa au lililorefushwa.

Ufafanuzi wa tafsiri unaofundishwa zaidi vyuoni, uliowekwa na H. J. M. Mwansoko na wenzake katika Kitangulizi cha Tafsiri, unaiona tafsiri kuwa ni uhawilishaji wa mawazo yaliyo katika maandishi kutoka lugha moja kwenda nyingine. Ni ufafanuzi wenye manufaa, lakini ulizaliwa mezani, penye karatasi. Msomaji wa kitabu hujipangia mwendo wake. Akikwama hurudi nyuma, akichoka hufunga. Mtazamaji wa filamu hana uhuru huo. Sentensi iliyofasiriwa vizuri ikichelewa sekunde tatu huwa ni sentensi ya mtu mwingine, kwa sababu aliyeisema ameshatoka kwenye picha na uso ulio mbele ya mtazamaji ni wa mwenzake. Kwa hiyo manukuu yana sehemu ya tafsiri na sehemu ya ukalimani: yameandikwa kama tafsiri, lakini yanabanwa na wakati kama ukalimani.

Vugiri, 1935 hadi 1937

Tatizo hili lina historia ndefu kuliko kompyuta, na sehemu ya historia hiyo iko Korogwe. Juu ya mji huo, katika milima ya Usambara, kipo Vugiri, mahali palipochaguliwa mwaka 1935 kuwa makao ya mradi wa filamu uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment. Mradi ulisimamiwa na International Missionary Council na kufadhiliwa kwa sehemu kubwa na Carnegie Corporation ya New York. Utengenezaji wa filamu ulikuwa chini ya Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kuwa meneja wa mashamba katika Afrika Mashariki. Upande wa elimu ulikuwa chini ya G. C. Latham, aliyetoka katika idara ya elimu ya Rhodesia ya Kaskazini. Hadi ulipofungwa mwaka 1937, mradi ulikuwa umetengeneza filamu fupi kadhaa, nyingi zikiwa za mafunzo: safura, mmomonyoko wa udongo, akiba ya posta, uuzaji wa mahindi, kilimo cha chai. Taarifa yake, The African and the Cinema, ilichapishwa mwaka huohuo wa 1937.

Wanahistoria wa sinema ya kikoloni, akiwamo Rosaleen Smyth, wameujadili mradi huu kwa upande wa siasa na elimu. Jambo linaloufanya uwe muhimu kwa uhakiki wa tafsiri ni chombo chake cha sauti. Filamu za Vugiri zilikuwa za milimita 16, na masimulizi hayakuchapwa kwenye utepe wenyewe bali yalirekodiwa katika sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha. Sababu ilikuwa ya kiuchumi na ya kiisimu kwa pamoja. Filamu ilitarajiwa kuonyeshwa kwa watu wa lugha nyingi katika Afrika Mashariki na Kati; kuchapa nakala mpya ya filamu kwa kila lugha kungekuwa ghali, lakini sahani iliweza kubadilishwa. Picha moja ikawa na sauti nyingi, na Kiswahili kikawa mojawapo ya sauti hizo.

Faili la manukuu la leo linafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Faili la aina ya SRT ni matini tupu: namba ya mstari, saa ya kuanza na saa ya kwisha hadi elfu ya sekunde, kisha maneno. Halina picha ndani yake. Linaweza kuwekwa kando ya video yoyote, na video yoyote inaweza kupewa faili la lugha nyingine. Unafuu huo una bei yake, nayo ililipwa na sahani za Vugiri kama inavyolipwa na faili: maneno yakishatenganishwa na picha, hakuna kinachoyazuia kuachana nayo.

Mafundi wa sauti ya sahani waliijua bei hiyo tangu Warner Bros. walipoanza kutumia mfumo wa Vitaphone mwaka 1926. Utepe wa filamu hukatika. Anayeuunga hulazimika kutupa fremu zilizoharibika, na kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde, kila fremu 24 zinazotupwa huitanguliza picha mbele ya sauti kwa sekunde nzima. Sahani haijui kwamba utepe umefupishwa. Dawa iliyotumika ilikuwa kupachika kipande cheusi chenye idadi ileile ya fremu zilizopotea: mtazamaji angeona giza kwa kitambo, lakini sauti na picha zingekutana tena. Waliopachika giza hilo waliamua kwamba ni afadhali picha ikosekane kuliko maneno yaende kwa mwenyewe asiye wake. Huo ni uamuzi wa kifasiri, ingawa waliouchukua hawakujiita wafasiri.

Hapa pana swali ambalo fasihi kuhusu sinema ya kikoloni haijalisukuma vya kutosha. Katika miaka iliyofuata, na hasa baada ya Colonial Film Unit kuundwa mwaka 1939, ilienea nadharia kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata filamu yenye mwendo wa kawaida; kwamba apewe picha ndefu, zisizokatwa-katwa, zenye jambo moja tu kwa wakati mmoja. Mtetezi wake mkubwa alikuwa William Sellers, aliyeanzia kazi hiyo Nigeria. Nadharia hiyo ilizungumza juu ya jicho la mtazamaji na akili yake. Haikuzungumza sana juu ya hali ambayo maneno yalimfikia: kwa sahani, au kwa msemaji wa lugha ya mahali aliyesimama na kipaza sauti kando ya gari la sinema akifuatiza picha zinazokwenda. Mtu anayeoneshwa mdudu huku sauti ikieleza bado habari za choo atauliza swali la ajabu filamu ikiisha. Kulitumia swali lake kama ushahidi wa uwezo wake wa kuona, kabla ya kupima umbali kati ya sauti na picha, ni utafiti dhaifu. Haidaiwi hapa kwamba kutoelewana kote kulitokana na sauti kuchelewa. Inadaiwa tu kwamba kosa la chombo na kosa la mtazamaji huonekana sawa kwa aliyekaa nyuma ya projekta, na kwamba lililoandikwa vitabuni ni la mtazamaji.

Namna toleo linavyobadilika

Kabla ya kurudi kwenye lugha, hesabu inafaa ielezwe, kwa kuwa hoja za baadaye zinaitegemea. Manukuu yanayokosa kupatana na video huwa yamekosea kwa njia tatu, na kila moja ina dalili yake.

Njia ya kwanza ni ya kusogea. Toleo moja lina nembo za kampuni mwanzoni, jingine halina. Manukuu yote yanachelewa au kuwahi kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho. Hili ni jepesi. Katika programu ya VLC, mtazamaji hubonyeza G au H na maandishi husogea kidogokidogo.

Njia ya pili ni ya mwendo, na ndiyo inayowadanganya wengi. Filamu nyingi hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Televisheni ya mfumo wa PAL, ambao ndio uliotumika Tanzania kama ilivyokuwa Uingereza, huonyesha fremu 25. Njia rahisi ya kuipeleka filamu kwenye mfumo huo ni kuikimbiza kidogo, na matokeo yake filamu ya dakika 120 huisha katika dakika 115 na sekunde 12. Faili lililoandaliwa kwa toleo la fremu 24 likiwekwa juu ya toleo la fremu 25, mwanzoni litaonekana sawa kabisa. Ifikapo mahali ambapo faili linaamini ni saa moja, picha imeshatangulia kwa dakika mbili na sekunde 24. Anayesogeza kwa G na H atarekebisha hapo alipo, na baada ya robo saa atarekebisha tena. Tiba ni kupima mahali pawili. Tuseme mstari wa kwanza wa faili umeandikiwa dakika 1 kamili, lakini katika video maneno hayo yanasemwa dakika 1 na sekunde 10. Mstari wa mwisho umeandikiwa saa 1 na dakika 41, lakini yanasemwa saa 1, dakika 37 na sekunde 10. Kwenye faili kuna dakika 100 kati ya mistari hiyo. Kwenye video kuna 96. Uwiano ni 0.96, ambao ni 24 kugawanya kwa 25, na hapo chanzo kimejitaja chenyewe. Kila saa iliyomo katika faili izidishwe kwa 0.96, kisha iongezwe sekunde 12.4, na mistari yote miwili itakaa mahali pake. Programu kama Subtitle Edit hufanya hesabu hiyo yenyewe ikishapewa alama hizo mbili.

Njia ya tatu ni ya mkato. Mandhari imeondolewa au imeongezwa, na hakuna kuzidisha kutakakosaidia. Dalili yake ni kwamba alama ya mwanzo na ya mwisho zimekubali lakini ya katikati imekataa. Hapo faili lazima lipasuliwe panapopasuka filamu, kila kipande kipewe hesabu yake, na mistari ya mandhari iliyoondolewa ifutwe. Kazi hii haiwezi kufanywa na asiyeielewa lugha zote mbili, kwa sababu panapokatwa mara nyingi ni katikati ya mazungumzo, na lazima mtu aamue ni sentensi ipi bado ina msemaji.

Amekuja nani?

Hoja ya msingi ya uhakiki huu iko katika sarufi. Kiswahili hakitofautishi jinsia katika kiambishi cha nafsi. Amekuja ni mwanamume na ni mwanamke. Kizigua kinachozungumzwa Handeni na Kisambaa cha Korogwe na Lushoto viko vivyo hivyo, kwa hiyo mtazamaji wa huko hana mazoea ya kuitafuta jinsia ndani ya kitenzi. Huitafuta katika muktadha, na muktadha wa filamu ni picha. Kiingereza kikiandika he au she, mstari uliochelewa bado unabeba alama ya mwenyewe. Mtazamaji akiona she huku picha ikionyesha mwanamume, anajua kwamba mashine imekosea na anausubiri mstari unaofuata. Kiswahili hakimpi onyo hilo.

Chukua mfano wa kubuni. Mama na binti yake wamekaa sebuleni. Mama anasema juu ya mumewe aliyepotea: Amerudi. Picha inahamia mlangoni, anaingia dada mdogo akiwa na ndoo ya maji. Manukuu yakichelewa sekunde mbili, Amerudi inamwangukia dada mwenye ndoo. Sentensi ni sahihi kisarufi, inapatana na picha iliyopo, na ni uongo mtupu. Mtazamaji hatajua kwamba amepotoshwa hadi baba atakapoonekana baadaye, na hapo ataidharau hadithi kwa kukosa mantiki. Hili ndilo linalofanya makosa ya wakati katika Kiswahili yawe mabaya kuliko yanavyoonekana: hayajitangazi.

Haki idai pia upande wa pili. Ngeli humpa mfasiri wa Kiswahili silaha ambayo Kiingereza hakina. Umevunjika hauwezi kuwa kikombe, na kimevunjika hakiwezi kuwa mkono. Neno moja likichelewa bado linaonyesha ni kitu cha aina gani kilichosemwa. Mfasiri mwangalifu anaweza kulitumia hilo, na pale penye watu anaweza kuandika baba amerudi badala ya amerudi, akikubali kuupoteza ufupi ili kuununua usalama. Tatizo ni kwamba mizani hiyo hutofautiana na toleo. Mfasiri aliyefanya kazi juu ya toleo lililopatana vizuri atafupisha kwa kuiamini picha. Faili lake likihamishiwa toleo lingine bila kupatanishwa, ufupi uleule uliokuwa sifa yake unageuka kuwa mtego.

Kuna jambo jingine, dogo kuliko hilo lakini halipaswi kupuuzwa. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati na yambwa mbele, na mzizi huja karibu na mwisho. Nisingelimwambia ni neno moja lenye herufi 16, ambalo Kiingereza hulitumia maneno sita. Jicho linalosoma polepole, kama la mtoto wa shule ya msingi au la mzee aliyezoea gazeti la herufi kubwa, hufika kwenye -ambia mwisho. Mstari ukitoweka mapema kwa sababu toleo la fremu 25 limefupisha kila kitu kwa asilimia nne, kinachokatwa ni mzizi, na msomaji anabaki na sharti lisilojulikana ni la tendo gani. Asilimia nne si nyingi. Lakini mistari mingi ya manukuu huandikwa karibu kabisa na mpaka wa kasi ya kusoma, na mpakani asilimia nne ndiyo yote iliyopo.

Mabanda na sauti iliyofungwa

Itasemwa kwamba watazamaji wa Handeni na Korogwe hawasomi manukuu, wanasikiliza. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Katika mabanda ya video, kwenye mabasi ya Arusha yanayopita Segera na kusimama Korogwe kwa chakula, na katika vibanda vya kujaziwa filamu kwenye flashi, filamu ya kigeni inayopendwa ni iliyotafsiriwa kwa sauti. Derek Mukandala, ajulikanaye kwa jina la Lufufu, alijenga sanaa hiyo Dar es Salaam. Kenya ina DJ Afro, na Uganda VJ Jingo kwa Kiganda. Matthias Krings, katika makala yake ya mwaka 2012 kuhusu wasimuliaji wa Tanzania, ameipa kazi hiyo jina linaloifananisha na kugeuza mchele kuwa pilau, na mfano huo unafaa: viungo vinatoka kwa mpishi.

Wahakiki wengi wameisifu sanaa hii kwa utani wake, kwa majina ya mitaa ya hapa yanayopachikwa Hong Kong, kwa methali zinazotiwa kinywani mwa jambazi. Wamesahau sifa yake ya kiufundi. Msimuliaji hurekodi sauti yake juu ya toleo moja, na toleo hilo husafiri likiwa na sauti ndani yake. Likikimbizwa, sauti inakimbia nalo. Likikatwa, sauti inakatwa palepale. Kwa njia hiyo tatizo la Vugiri limetatuliwa kwa kuukana unafuu wa Vugiri: kila lugha imerudi kuwa na nakala yake. Tena msimuliaji huwa hatafsiri mstari kwa mstari. Anapoona mtu mlangoni humtaja: huyu ndiye yule mdogo wake, mwangalieni, kaja na ndoo. Kwa Kiswahili kisicho na jinsia katika kitenzi, utajaji huo unaoonekana kama maneno ya ziada unafanya kazi ambayo kiambishi hakiwezi kuifanya. Anayeuita upayukaji amehukumu kwa sarufi ya Kiingereza.

Lakini sauti iliyofungwa ina hasara yake. Mtazamaji kiziwi haipati. Mwalimu anayetaka wanafunzi wake wasikie mazungumzo ya asili na kusoma Kiswahili hawezi kuitenganisha. Na filamu za Kiswahili zenyewe, zinapokwenda nje na manukuu ya lugha nyingine, haziwezi kutegemea msimuliaji. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, ilipopita katika matamasha ya nchi za nje ilisafiri kwa maandishi. Kila tamasha na kila kituo kinachopokea filamu kinaweza kuwa na toleo lake, na kila toleo linahitaji saa zake.

Kwa hiyo tasnifu za tafsiri zinazoambatisha manukuu ya Kiswahili kama kiambatisho, nazo zinazidi kuwa nyingi, hazijakamilika kama zinavyodhani. Ukurasa wenye safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, unaonyesha maneno na kuficha tafsiri. Mtahini anaweza kukisia kama Amerudi ni sahihi. Hawezi kujua ilimwangukia nani. Kiambatisho cha namna hiyo kingepaswa kutaja toleo lililotumika, urefu wake kwa saa, dakika na sekunde, fremu zake kwa sekunde, na saa za mistari mitatu: wa kwanza, wa mwisho, na mmoja wa katikati.